Herufi N Iliyorusha Mguu

Mama Brashi alipoingia ofisini kwetu kwa mara ya kwanza, alikuwa na rangi ya bluu chini ya ukucha wa kidole gumba, wala hakujisumbua kuificha. Umri wake ulikuwa umepita arobaini na tano. Miaka ishirini na miwili aliitumia juu ya ngazi, akiandika kwa mkono majina ya saluni, gereji, maduka ya dawa na shule za chekechea. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, simu yake ikanyamaza. Wenzake waliacha kazi mmoja mmoja. Yeye akajiandikisha kozi ya kompyuta, akakaa dawati moja na watu waliomwamkia shikamoo kila asubuhi, na akafaulu.

Mimi nilikuwa mwandishi wa maneno ya matangazo ya mtandaoni, na meza yangu ilitazamana na yake. Miezi ya mwanzo alipewa kazi za kukata picha na kupanga ukubwa wake. Mchana, sisi tukila, yeye alitoa daftari la mirabaraba na kuchora herufi. Zilikuwa nene, zenye vituko. A ilikuwa na tumbo la mtu aliyeshiba. S ilijinyonganyonga kama mtoto aliyebanwa na haja. Kipenzi chake kilikuwa n: shina lake limepanda juu kama shingo ya jogoo, na mguu wa mbele umerushwa kana kwamba unapiga mpira.

Siku moja akaja daktari wa meno, mwanamke wa maneno machache, aliyekuwa amefungua kliniki ya watoto.

"Watoto wangu wanalia kabla hawajafika mlangoni," alisema. "Nataka tangazo ambalo mtoto akiliona kwenye simu ya mama yake, aulize pale ni wapi."

Bosi akamwonyesha herufi nyembamba, zilizonyooka. Mama Brashi akafungua daftari, akalisukuma katikati ya meza.

"Aka, mama," bosi akasema. "Hii ni hospitali, si sarakasi."

Daktari alikuwa ameshaanza kucheka. "Mimi nazitaka hizi."

Kuzihamisha herufi kutoka daftarini hadi kwenye kompyuta kulimchukua wiki tatu. Kila mkunjo aliuvuta kwa kipanya, akaurudisha, akauvuta tena. Macho yalimtoka machozi. Nikamwambia kwa kumhurumia, "Mama, fonti za kuchekesha zimejaa tele mtandaoni. Pakua moja, kazi iishe."

Akanitazama kama niliyemtukania ukoo. "Hizo zina wenyewe. Hizi zangu."

Jumatatu asubuhi tukaliweka tangazo hewani. Maneno niliyaandika mimi, na niliyaonea fahari: *Jino lako likoje?* Chini yake, anwani na saa za kliniki, vyote kwa herufi zilezile zinazocheza. Kwenye skrini kubwa ya ofisi lilipendeza mno.

Hadi saa sita mchana tulikuwa tumeumbuka. Kwenye simu, ambako kila kitu ni kidogo, ile n yenye shingo ndefu na mguu uliorushwa ilisomeka k. Mji mzima ulikuwa unaulizwa: *Jiko lako likoje?*

Watu hawakutuonea huruma. Mmoja aliandika, "Langu la gesi linavuja, mnaziba?" Mwingine, "Jiko langu limeninunia tangu juzi, nije nalo?" Wa tatu akasema, "Mimi bado natafuta jiko, mkipata binti mwema mnijulishe."

Bosi alitoka chumbani kwake ameshika simu kwa vidole viwili. "Nilisema mimi! Nilisema au sikusema? Rudisha herufi za kawaida leo hii."

Mama Brashi alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Uso ulimwiva, lakini sauti haikutetemeka. "Liondoe hilo tangazo. Ila nipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa ya nini?"

"Nimekosea n. Fonti nzima haijakosea."

Bosi akaguna, akarudi chumbani. Tukauchukulia ule mguno kuwa ruhusa.

Jioni Mama Brashi alimpelekea mama yake tangazo lile. Bibi yule, fundi cherehani mstaafu, aliisogeza simu mbali hadi mkono ukaisha, akakunja uso. "Mwanangu, naona kila neno linacheza. Sasa nimtazame nani?"

Kesho yake Mama Brashi alinisimulia hayo huku akizifuta anwani na saa. Akaziandika upya kwa herufi za kawaida kabisa, zilizotulia. Yale maneno matatu makubwa tu ndiyo yakaachwa yacheze. "Nilizipenda kupita kiasi," akasema. "Nikazipa kazi zisizoziweza."

Kisha akaigeukia n. Akaipunguza shingo kidogo, akashuka nayo barabarani. Alimsimamisha askari wa getini, akamwonyesha simu, akahesabu moja, mbili, akaificha. "Umesoma nini?" Akaandika jibu. Akaenda kwa fundi viatu, akaingia saluni ya chini, akawauliza wanawake walio kwenye foleni ya benki hadi mlinzi akamtaka asogee. Jumatano, watu saba kati ya ishirini walisoma jiko. Akarudi mezani, akaikata shingo zaidi na kuushusha mguu ukaribie ardhi. Alhamisi hakuna aliyesoma jiko, ila fundi viatu alisoma *jina*. Nikadhani atakata tamaa.

"Hiyo ni o yangu," akasema. "Ina kimkia kinachoning'inia, kinaifanya a." Akakikata. Wakati tunafunga ofisi, watu ishirini na watano walikuwa wamesoma jino, na fundi viatu alikuwa mmoja wao.

Ijumaa bosi alitungoja mlangoni akitabasamu, nasi tukaogopa zaidi. Watu walikuwa wamelihifadhi lile tangazo la zamani na kutumiana. Ukurasa wa kliniki ulikuwa umepata wafuasi ambao sisi hatujawahi kuwapata kwa kazi yoyote.

"Tunaliacha jiko," akatangaza. "Safari hii kwa makusudi. Mama, umetupatia bahati!"

"Hapana," Mama Brashi akasema.

"Hapana nini? Watu wanacheka!"

"Wanatucheka. Bosi, mtoto anayeanza kusoma akiliona hilo, atajifunza kwamba ile ni k. Nimeandika kwenye kuta za shule za chekechea, najua wanavyofuatisha kwa kidole. Ukiliweka tena, kazi yangu uitoe humo."

Mimi nikajifanya natafuta kalamu. Hatimaye bosi akasema, "Haya, mteja aamue."

Daktari alikuja mchana, akayatazama matangazo mawili kwenye simu yake mwenyewe, moja baada ya jingine. "Wiki hii simu ya kliniki haijapoa," akasema. "Wengi ni watu wazima wanaotaka kunitania. Walio na mtoto anayeumwa jino wanakuta laini ina mtu." Akagusa lile jipya. "Nipeni hili."

Halikuvuma kama lile la makosa. Lakini baada ya mwezi daktari aliongeza siku moja ya kuona watoto, akaomba maneno yale yaandikwe pia kwenye dari, juu ya kiti cha matibabu, mahali mtoto akilala chali anapoyaona.

Baada ya hapo bosi alizitaka herufi zile kila mahali. Tulizitumia kwa duka la viatu vya watoto na kwa kiwanda cha sabuni. Asubuhi moja akaja mbio: mteja wetu mkubwa, kampuni ya mabati, imefiwa na mwanzilishi wake, na tanzia inatakiwa mtandaoni kabla ya saa nne.

"Tumia zile zako," akamwambia. "Watu wanazipenda."

Mama Brashi alimtazama mpaka bosi mwenyewe akakohoa na kuangalia pembeni. Kisha akachagua herufi nyembamba zilizonyooka, akaliandika jina la marehemu taratibu, na kuniita nilisome kwa sauti ili tuwe na hakika hatujakosea hata moja.