Muhogo wa Ukingoni

Shamba letu halikuwa shamba hasa. Kilikuwa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba tano za mtaa wetu hapa Kasulu, kinachoteremka hadi kwenye kijito. Mwenye nacho alikuwa mzee wa duka la kona, ambaye babu yake alitoka pwani kwa biashara akabaki huku. Alikinunua ili ajenge, hakujenga, na kwa miaka mingi kikaota majani na kujaa chupa tupu.

Mimi nilihamishiwa huku kutoka Tanga kufundisha Kiswahili sekondari. Mwaka wa kwanza nilikula vibaya sana. Mji huu umezungukwa na mashamba kila upande, lakini sisi watu wa mshahara tulikuwa tukila kabichi iliyochoka na nyanya zilizopondeka kwenye lori. Siku moja nikaenda nyumba ya pili, kwa mama mmoja mjane mwenye matuta manne ya maharage nyuma ya jiko lake, nikamwomba aniuzie majani ya kunde.

Akanitazama viganja.

"Mwalimu, una mikono?"

"Ninayo, mama."

"Basi kwa nini uuziwe?"

Wiki hiyohiyo alimfuata mzee wa duka akamwomba kile kipande. Mzee akakubali, kwa sharti kwamba na mkewe apate matuta yake. Akaingia pia tabibu wa zahanati aliyekuwa akikaa jirani yangu; huyo alileta samadi kwa mkokoteni kutoka kwa ndugu yake mwenye ng'ombe. Jumamosi asubuhi ndiyo ilikuwa siku yetu. Maharage yetu hayakutosha mwaka mzima, kwa hiyo wakati wa mavuno tulikodi pikipiki kwenda kijijini Kagerankanda, tukachukua gunia moja kwa moja kwa mkulima, kisha tukaligawana kwa kisado juu ya mkeka barazani kwa mzee. Nilijifunza kutofautisha maharage ya mwaka huu na ya mwaka jana kwa kuyauma tu. Nilinenepa. Niliwaandikia ndugu zangu Tanga kwamba sasa nina watu.

Yule mama alikuwa Muha wa Nyabibuye, kule karibu na mpaka wa Burundi, na Kiswahili chake kilijaa Kiha. Alikuwa akisema haraka, ameinama, jembe likiendelea. Mara nyingi nilikuwa nikishika nusu ya maneno. Nusu nyingine nilikuwa nikiitikia kwa kichwa. Ningefanyaje? Mwalimu wa Kiswahili aulize maana ya neno kila baada ya sentensi mbili, mbele ya majirani? Niliona ni afadhali kuitikia. Mambo mengi nitayaelewa mbele ya safari, nilijiambia, na mengi kweli niliyaelewa.

Msimu wa pili tulipanda mihogo. Mingine tuliiweka katikati, mingine akaipanda yeye mwenyewe ukingoni, kuzunguka shamba lote. Alipomaliza alinyanyuka, akanionyesha kwa ncha ya jembe.

"Mwalimu, huu wa huku unarura. Usisahau."

"Sawa, mama," nikasema.

Nilidhani ananiambia kwamba huo unachelewa kukomaa, au unatambaa. Sikuuliza.

Ramadhani ya mwaka uliofuata ilikuta muhogo wa katikati umekwisha kuchimbwa wote. Ule wa ukingoni ulikuwa umesimama, mnene, hakuna aliyeugusa. Nikadhani ni ustaarabu tu, kila mtu anamwachia mwenzake. Yule mama alikuwa amekwenda Kibondo, binti yake amejifungua. Mimi nilitamani muhogo wa nazi kama wa kwetu. Mzee alikuwa na nazi dukani zilizoletwa kutoka Dar. Nikachimba mashina mawili, nikamenya, nikapika. Nilipoonja niliona uchungu kidogo. Nikaongeza tui zito na chumvi, uchungu ukajificha.

Tulifuturu barazani kwa mzee. Yeye alikunywa uji, akala tende, akaenda kuswali. Mimi na mkewe tulibaki na bakuli la muhogo, na mkewe alilipenda hasa. Alijipakulia mara tatu, akaniambia nimemkumbusha mamake. Haikupita muda mrefu akasema kichwa kinazunguka. Nikataka kusimama nimshike, miguu ikakataa. Tulitapika hadi hatukujua tunatapika nini. Tabibu alikuja mbio, akatazama bakuli.

"Muhogo huu mmeutoa wapi?"

Nikanyoosha mkono kuelekea shambani. Hakuuliza tena, akatafuta gari.

Mimi niliruhusiwa kesho yake. Mke wa mzee alikaa hospitali siku tatu, na siku ya kwanza hakuna aliyejua kama angetoka.

Mzee alifunga lango la shamba kwa kufuli. Maneno yakatembea mtaani haraka kuliko sisi wagonjwa. Tangu kambi ya wakimbizi ya Mtabila ifungwe, kuna neno moja ambalo watu wa mjini humtupia yeyote wa mpakani wakikasirika, na mzee alilitupa.

"Yule Mrundi ametupandia sumu," alisema dukani, mbele ya wateja.

Yule mama alirudi kutoka Kibondo na mzigo wa ndizi kichwani. Alikuta kufuli, na majirani wamesimama. Alisikiliza yote bila kuutua mzigo.

"Mimi ni Muha wa Nyabibuye," alisema. "Na hata ningekuwa Mrundi, ningewapa sumu watu ninaokula nao? Ule tunapanda ukingoni kwa sababu mwizi hauchimbi, fuko haugusi. Unaliwa ukilowekwa. Na nilimwambia mwalimu."

Wote wakanigeukia.

Nilikuwa nimesimama nikiegemea ukuta, bado nina kizunguzungu. Nilikumbuka ncha ya jembe. Nilikumbuka nimesema sawa, mama. Neno lenyewe nilikuwa sijui maana yake, lakini kwamba niliambiwa kitu, nilijua.

"Sikumbuki," nikasema.

Alinitazama kidogo tu, kisha akaenda kwake. Hakubishana. Heri angebishana.

Siku nne nilipita mbele ya mlango wake bila kusalimu. Siku ya tano nilikuwa nasahihisha insha, na mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kwamba alipougua malaria alipewa dawa "inayorura sana". Nikaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kisha nikainua kichwa, nikauliza darasa zima kurura ni nini.

"Ni chungu, mwalimu!" walijibu kwa pamoja, wakicheka kwamba silijui.

Niliwapa kazi ya kunakili, nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi hadi kengele ilipolia.

Jioni nilikwenda dukani. Kulikuwa na wateja watatu, na nilitaka wawepo.

"Mzee, mama aliniambia ule muhogo ni mchungu. Aliniambia siku ile ile tulipoupanda. Sikumwelewa, nikaona aibu kuuliza."

Mzee alikuwa anapima sukari. "Lakini ulisema hukumbuki."

"Nilisema uongo."

Aliendelea kupima. Alifunga ile sukari vizuri, akampa mteja wake. Mkewe, aliyekuwa amekaa ndani akipata nguvu, ndiye aliyetoka, akajifunga kanga, akaniambia, "Twende kwake."

Tulimkuta uani akimenya muhogo. Mke wa mzee alimsalimu kwa Kiha, "Mwakeye," ingawa asubuhi ilikwisha kupita, na yule mama akacheka bila kutaka. Mimi nilisema yangu. Alisikiliza, kisu kinaendelea.

"Ungeniuliza," alisema.

"Niliona aibu, mama."

"Aibu ya nini? Mimi Kiswahili chako nusu sikielewi. Nakuuliza kila siku."

Ilikuwa kweli. Alikuwa akiniuliza kila siku, na sikuwahi kumwona mjinga kwa hilo. Akanisukumia kisu kingine. Nilimenya naye hadi pipa lake la kulowekea likajaa, akanieleza: siku tatu hadi nne majini, kukamua, kuanika, kutwanga. Mke wa mzee alikaa pembeni akitazama yale maji kwa woga.

Mzee hakuomba radhi kwa mdomo, kwa jinsi ninavyojua. Kufuli liliondoka lenyewe siku moja. Yule mama hakurudi mara moja. Alisubiri mvua za kwanza, akaja na mbegu zake, akaanza kulima upande wake. Nami akanibadilishia utaratibu. Kila akiniambia jambo, alisimamisha jembe.

"Nimesema nini?"

"Umesema nisipande mahindi karibu na kijito."

"Kwa nini?"

Nikieleza vibaya, ananirudisha, kama mimi ninavyowarudisha wanafunzi wangu. Wengine walicheka. Mimi sikuona kichekesho. Hayo ndiyo masomo niliyostahili kuyaanza siku ya kwanza.

Tulilima pamoja misimu mitatu zaidi, kisha akahamia Kibondo kwa binti yake. Nimemtembelea mara mbili. Ana matuta nyuma ya nyumba ya mkwewe, na majirani wameanza kuja kuuliza. Tunaongea habari za mvua na wajukuu. Kama alinisamehe lile neno moja nililolisema pale ukutani, sijui. Mara ya pili nilitaka kumuuliza, nikamwona amechoka, nikamsaidia kuchambua maharage.