Mikono ya Mama Marcelline

Mama Marcelline wa mtaa wa Katoyi anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni, na yeye hawavumilii wajinga. Mutoto wake Ézéchiel ana ugonjwa wa misuli, hana nguvu ya kukohoa. Muuguzi alimufundisha mama kumukalisha na kumukandamiza tumbo kila anapojaribu kukohoa, ili makohozi yatoke.

Jana watu wa kikundi cha sala walijaa chumbani. Wakafunga dirisha, wakamulaza mutoto chali, wakamuwekea mikono. Pumzi ikamukwama. Marcelline akawasukuma, akamukalisha, akaanza kukandamiza.

“Mama, unamuua!” Papa Grégoire, kiongozi wao, akamushika mikono.

“Niachie!”

Marcelline akajinasua, akakandamiza tena. Makohozi yakatoka, mutoto akapumua. Wakapiga vigelegele: “Mungu amejibu sala yetu!”

“Mimi alishanijibu zamani,” Marcelline akafoka. “Alinipa hii mikono muliyokuwa munaizuia. Mufungue dirisha, mutoke!”