Mkono wa Kushoto wa Fundi

Fundi pikipiki wa mtaa wa Malakia hajui kufanya jambo kwa mkono mmoja. Hata kikombe cha chai hukishika kwa mikono miwili, utadhani ni gurudumu litakalomponyoka. Mwaka jana, kwenye mashindano ya sataranji ya mtaa wa Hai Cinema, alitaka kumficha mfalme wake nyuma ya ngome kama wanavyocheza kule gereji, mikono yote miwili kwa mpigo, na wa kushoto ukatangulia kugusa ngome. Kete uliyoigusa kwanza ndiyo unayoicheza. Akech, mpinzani wake, alimwita mwamuzi, ngome ikachezwa peke yake, mfalme akabaki katikati, fundi akafungwa. Ushindi ule haukumkaa Akech vizuri.

Leo wamepangwa tena pamoja, na fundi ana kete nyeusi vilevile. Ameukalia mkono wake wa kushoto. Anafungua mchezo taratibu, askari kwanza, kisha farasi, na kila akicheza anafuta vidole pajani ingawa havina grisi.

"Fundi, mkono unauma?" Akech anauliza.

"Hapana, dada. Mimi iko salama."

Ila jasho linamtoka puani, na Akech anajua hatua inayofuata. Mkono wa kulia unaelea juu ya ubao, unamshika mfalme, unamsogeza nyumba mbili, ndipo unaifuata ngome na kuivusha upande wa pili. Akech anashtukia kwamba alikuwa amebana pumzi, anaiachia. Fundi anauchomoa mkono uliokufa ganzi, anaukunjua kidole kwa kidole, anacheka.

"Haya, dada. Leo ukinipiga, utanipiga kwa mchezo."