Kiti Kimoja kwa Kila Mtoto

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Anayebisha aje kwetu, chumba cha kufulia, chini kabisa kwenye jengo, ajaribu mwenyewe. Likitoka kwenye pasi kubwa ya kuviringisha linakuja na moto wake, nanyi wawili mnalidaka, wewe pembe mbili na mwenzako pembe mbili. Mnarudi nyuma mkivuta, kisha mnasogeleana mpaka vidole vinagusana, mmoja anamkabidhi mwenziwe pembe zake, na shuka limekaa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo tunafanya kazi wawili wawili, na mmoja asipokuja, mwenzake anabaki kuzurura na ndoo akijifanya ana kazi.

Asiyekuwa na mwenzake alikuwa Shangazi. Hakuwa shangazi yangu wala wa yeyote mle ndani, ila tulimwita hivyo wote, hata msimamizi ambaye nywele zake zilishakuwa nyeupe. Kazi yake ilikuwa kuziba pengo. Leo anakunja na huyu, kesho na yule, na wakati hakuna pengo alikaa pembeni akipanga foronya kimya kimya. Wageni wote yeye ndiye aliyewafundisha. Alikuwa na maneno yake: "Wa kulia juu, wa kushoto usubiri." Maana yake mkono. Ukikosea hapo shuka linajisokota katikati, na mnaanza upya huku watu wakicheka.

Uongozi ulipotuletea ruhusa ya wazazi, tulifurahi sana. Mzazi mwenye shughuli shuleni kwa mtoto wake angeweza kutoka nusu siku bila kukatwa chochote. Msimamizi akaongeza sharti lake: anatoka mmoja tu kwa siku, na Shangazi anashika nafasi yake. Basi ikawa hivyo. Tukaenda kwenye mashindano, maonyesho na mikutano ya walimu, na kila tulipotoka, yeye alibaki ameshika pembe zetu.

Tuliporudi alitaka habari, na hakutaka habari za juu juu. "Mlikaa wapi? Mtoto alikuona ulipoingia? Kiti kilikutosha?" Wengine walimjibu kwa mkato. Mimi naitwa Redio, kwa sababu ambazo sioni haja ya kuzieleza, nikampa taarifa kamili. Nilimweleza nilivyokalishwa kwenye kiti cha mtoto wa darasa la kwanza, magoti yakanifika kidevuni, na nilipoinuka kusalimiana na mwalimu kiti nacho kikainuka nami. Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. Kisha akaniuliza tena tangu mwanzo, kana kwamba nilikuwa nimeruka kitu.

Hakujaaliwa mtoto. Mume alikuwepo zamani, akaoa kwingine, akaondoka na redio na godoro. Aliishi chumba kimoja na binti wa marehemu kaka yake. Mama wa mtoto, yaani wifi yake, alikwenda kutafuta riziki mji wa mbali mtoto akiwa bado anatambaa. "Nikikaa sawa nitakuja kumchukua," aliahidi. Kukaa sawa kukachukua muda, mtoto akaota meno, akayang'oa, akaota mengine, akaingia darasa la tatu. Huyo binti ndiye peke yake duniani aliyekuwa na haki ya kumwita Shangazi, nasi tulikuwa tumeliazima tu jina lake.

Siku moja wakati wa chai Shangazi alikuja kunikalia karibu sana. Alikuwa akitabasamu, kikombe mkononi.

"Redio, na mimi nimealikwa."

"Umealikwa wapi? Harusi?"

"Shule. Ijumaa."

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa amewaambia watoto kila mmoja aje na kazi anayoifanya nyumbani pamoja na mkubwa wake, waionyeshe wawili mbele ya wenzao. Kwa kuwa darasa lilikuwa dogo, kila mtoto angewekewa kiti kimoja tu cha mgeni. Wengine walichagua kusuka nywele, wengine kupepeta mchele. Binti yetu alichagua kukunja shuka.

Twende kwa msimamizi, nikasema, na tukaenda. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna shingo. "Shangazi, mimi sina ubaya na wewe. Lakini ruhusa hii ni ya wazazi."

Shangazi akainama. Angekubali palepale, namjua, angesema ahsante na kurudi kwenye foronya zake. Mimi mdomo wangu hauna breki.

"Mzee, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Huyo mtoto akiugua anayekesha ni nani? Wewe mwenyewe wajukuu zako wanne wako kwako, mbona shuleni wanakuita mzazi na hujakataa?"

"Redio, punguza sauti."

"Nitapunguza akienda."

Alicheka bila kutaka. Akasema aende, ila siku hiyo asitoke mtu mwingine, maana hapatakuwa na wa kuziba. Hapo ndipo penyewe. Ijumaa hiyohiyo mwanangu alikuwa na mbio, na nilikuwa nimeshaomba. Shangazi alinitazama. Alikuwa tayari kuniachia kama alivyotuachia siku zote, na nakwambia ukweli, lile jicho lilinikera kuliko kama angeniomba.

"Nenda wewe," nikamwambia. "Yule akikimbia huwa peke yake kule nyuma. Hahitaji shahidi."

Wiki nzima walifanya mazoezi na binti baada ya chakula cha jioni, kwa shuka kubwa la kitanda chao, meza ikisukumwa ukutani ili ipatikane nafasi ya kurudi nyuma. Kila asubuhi nilipewa maendeleo. Mtoto mikono yake mifupi, pembe zinaburuza. Mtoto amepata, pembe hazigusi tena chini. Sasa mtoto ndiye anayempigia mahesabu: wa kulia juu, wa kushoto usubiri. Katikati ya taarifa moja akasema kwamba binti alimwalika mama yake pia, kwa simu.

"Atakuja?" nikauliza.

"Amesema atajaribu. Huwa anajaribu," akasema, tukaendelea na kazi.

Ijumaa alikuja na gauni la bluu ndani ya mfuko. Lilikuwa limejikunja, nami kwa akili zangu nikasema tulipitishe kwenye pasi kubwa, tunalo lijumba zima la moto hapa, la nini kuhangaika na pasi ya mkono? Mtu wa kawaida hawezi kufanya kosa hilo kwa sababu hana pasi ya kuviringisha. Gauni likatoka limenyooka kabisa, na kifungo cha shingoni kimesagika. Tulitafuta kote. Mwishowe nikang'oa kifungo kwenye koti la daktari lililokwisha, la kwenda kukatwa matambara, nikamshonea. Vingine vyote vya bluu, hicho cheupe.

"Watakiona," akasema.

"Atakayeangalia vifungo badala ya shuka, huyo ana shida zake."

Akaondoka akiwa amekishika kwa vidole viwili. Tulisimama mlangoni kumtazama akipanda ngazi, na mtu mmoja akapiga vigelegele, tukarudi ndani tukicheka.

Nilijua hatarudi mpaka jioni. Hata kama shughuli ingeisha mapema, nilitegemea angemchukua mtoto wakatembee, wanunue kitu kitamu, aitumie nusu siku yake yote. Lakini hata chai ya pili ilikuwa haijamiminwa, nikamwona anashuka ngazi. Alivaa aproni juu ya gauni la bluu. Mwenzangu alikuwa amekwenda kula, basi Shangazi akaja akasimama upande wa pili wa meza, shuka likatoka, tukalidaka.

Nikarudi nyuma, naye akarudi nyuma. Nikamuuliza swali lake mwenyewe, nikicheka: "Haya, tuambie. Kiti kilikutosha?"

Akaachia. Pembe zake zote mbili zikaanguka, shuka likalala sakafuni, na shuka likigusa sakafu kwetu linarudi kufuliwa. Katika maisha yangu yote mle ndani sikuwahi kumwona akiangusha shuka. Aliliokota, akalitia kwenye kikapu cha machafu, akarudi kusubiri jingine.

"Kilikuwa na mtu," akasema.

Wifi yake alikuwa amekuja. Safari hii hakujaribu tu. Alisafiri usiku, akashuka asubuhi na mkoba wake, akaenda moja kwa moja shuleni ili amshtue mtoto kwa furaha. Mwalimu alimuuliza yeye ni nani, akasema ni mama yake, na mwalimu angefanya nini? Alimwonyesha kiti. Shangazi alipofika mlango ulikuwa umefungwa na shughuli imeanza, akasimama dirishani na kina baba wawili watatu waliochelewa.

Kilichofuata alinisimulia kwa vipande, kila shuka kipande chake, kwa sababu mashine zikinguruma huwezi kusikilizana mpaka msogeleane.

Zamu ya binti ilifika. Akasimama na shuka lao la nyumbani, mama yake akasimama naye, wakalifungua. Mtoto alikuwa anang'aa. "Sijawahi kumwona hivyo, Redio. Uso mzima." Mama alishika pembe vibaya, wakasogeleana, shuka likajisokota, darasa likacheka. Mama naye akacheka kwa aibu. Hapo mtoto akainua macho, akamwona Shangazi nje ya dirisha.

Tulidaka jingine. Nikangoja.

"Akaacha kucheka. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Mama naye akageuka akaniona, akataka kuja mlangoni." Shangazi aliachia mkono mmoja kidogo, akanionyesha alivyofanya: kiganja chini, taratibu, kama unavyomwambia mtu akae. "Nikamwambia hivi. Aendelee."

"Kwa nini?" Nilipaza sauti, sikujali nani anasikia. "Wiki nzima umefanya mazoezi na mtoto. Ni zamu yako ile."

"Ningeingia, mtoto angeshika upande wa nani?"

Nikasogea, nikamkabidhi pembe zangu.

Basi waliendelea. Mtoto akarudi nyuma, akainua mkono wake, akamwambia mama yake kwa sauti iliyofika mpaka dirishani: wa kulia juu, wa kushoto usubiri. Mama akafuata. Safari ya pili shuka likakaa sawasawa, darasa likapiga makofi, na kina baba pale dirishani wakapiga makofi pia. Mmoja akamuuliza Shangazi kama mtoto yule ni wake. Akamjibu kwamba mama yake ni yule pale ndani. Kisha akatoka getini, akarudi kazini, maana nyumbani angefanya nini saa zile?

"Ulipiga makofi?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimeshika kifungo."

Msimamizi alipita akamwona. Akamkumbusha kwamba ruhusa yake ni mpaka jioni. Shangazi akamwambia hayatajikunja yenyewe haya, na mzee yule, ambaye si mjinga, akaendelea na njia yake.

Mwanangu alikuwa wa mwisho. Aliniambia afadhali sikuja.

Muhula ulipokwisha wifi akaja kumchukua mtoto. Alikuwa amekaa sawa kweli: chumba na sebule, kazi ya kudumu, shule karibu. Nilikasirika siku nzima. Nikasema mengi kuhusu wanaovuna wasichopanda, mpaka Shangazi mwenyewe akaninyamazisha. "Aliahidi atakuja kumchukua, amekuja. Ungetaka asije?" Nilitaka asije, ndiyo, na nikamwambia hivyo. Yeye akakunja foronya. Mtoto hupiga simu Jumapili, akikumbuka.

Sisi bado tunatoka na ruhusa zetu, na Shangazi bado anashika pembe zetu. Ila haulizi tena tulikaa wapi, na mimi sisimulii.

Juzi alikuja na mfuko. Mwisho wa zamu, mashine zilipozimwa, akatoa shuka kubwa, lile la nyumbani, akalitandaza mezani. Nikamtania: hata wewe umeanza kuiba sabuni ya hospitali? Ungesema mapema, ningeleta na mapazia yangu.

Hakucheka. Akanipa pembe mbili, akarudi nyuma na zake.

"Kufua nimefua nyumbani," akasema. "Kukunja ndiko kumenishinda."