Zulmira Alivyonasa Kwenye Bafu la Kale

Zulmira alizaliwa chini ya kilima kile, akaolewa chini yake, akafiwa na mume chini yake. Kukipanda alikuwa hajakipanda. Utotoni mama yake alimwonya kwamba kwenye magofu ya ngome ya kale huko juu anakaa jini wa kike, anachana nywele kwa kitana cha dhahabu na kuiba wasichana. Alipokua, kazi ya kuoka mikate ya mahindi ikamla miaka yote.

Jumapili moja ya Mei, parokia iliandaa matembezi ya wazee. Wifi yake Herminia akamjia mapema.

"Twende bwana. Jini gani akuibe wewe na miaka sabini? Akikubeba atavunjika kiuno!"

Zulmira akacheka, akafunga mkate na soseji kwenye kitambaa, akavitia kikapuni, wakaenda.

Huko juu, binti mwongozaji aitwaye Iria aliwaonyesha nyumba za mviringo za wenyeji wa kale, na kando yake nyumba za pembe nne zilizojengwa baada ya Warumi kuitwaa ngome na kuigeuza mji. Adelino, mwashi mstaafu na mgane, alikuwa akipapasa kila ukuta kama anayekagua ng'ombe wa kununua.

Wakafika kwenye bafu la mvuke. Paa lilikuwa limeanguka zamani, lakini mlango ulikuwapo: bamba kubwa la jiwe lenye nakshi, na chini yake tundu dogo.

"Waliingia kwa kutambaa," Iria akasema, "joto lisitoke. Anayetaka ajaribu."

"Zulmira hapiti hapo hata umpake mafuta," Herminia akasema.

Weee! Zulmira akamtupia kikapu, akapiga magoti. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Makalio yakagoma.

"Wenyeji wangekuweka wewe mlangoni," Herminia akapiga kelele, "Warumi wasingeingia!"

Watu wakashika mbavu. Zulmira naye akacheka, na kila akicheka, ndivyo alivyozidi kukazika. Adelino akazunguka, akaruka ukuta wa nyuma, akachuchumaa mbele yake.

"Umeamkaje, Bi Zulmira?"

"Nimeamkaje, nawe waniona! Nivute!"

"Toa pumzi kwanza. Na uache kucheka."

"Usinichekeshe basi!"

Akavuta. Sketi nyeusi aliyoivaa tangu afiwe ikachanika, naye akatoka kama kizibo cha chupa. Adelino hakuiachia mikono yake.

"Nimeshatoka, Adelino."

"Najua." Masikio yakamwiva kwa haya. "Kuna jambo nataka kukwambia. Ule mkate ninaonunua kwako kila siku, siuli. Mahindi yananipa kiungulia. Nawapa kuku."

"Kuku? Mkate wangu?"

"Sasa ningekuja dukani kwako kwa sababu gani nyingine?"

 Moyo ulimdunda Zulmira kama wa msichana, akaona haya, kisha akaona raha. Mchana wakakaa wote juu ya ukuta wa Warumi. Zulmira akampa Adelino soseji tupu, mkate akauweka mbali naye.

Wiki iliyofuata alinunua sketi ya buluu. Septemba wakafunga ndoa, na Adelino akahamia kwake na kuku wake wote. Siku hizi yeye ndiye anayeamka kwanza kuwasha tanuri, na Zulmira anamwokea mkate wa ngano.