Deni Alilojitwisha Baba Mdogo

Mnyororo uliburuzwa juu ya zege, ukapitishwa kwenye vishikio vya mlango, kisha kufuli likabana. Nilikuwa uani nikisahihisha tasnifu yangu ya uzamili. Nilipozunguka mbele, maofisa wawili wa mapato walikuwa wakibandika karatasi kwenye duka letu la vipuri vya baiskeli pale Somanda. Limefungwa, ilisema, kwa deni la ushuru wa huduma la marehemu baba, pamoja na faini.

Faini zilikuwa zimesamehewa kwa kila aliyemaliza deni la msingi ndani ya muda uliotangazwa. Tena siku ya kumaliza matanga ya baba, mwenye kumdai marehemu alipotakiwa ajitokeze, mdogo wake baba alisimama mbele ya ukoo akasema deni la ushuru amelibeba yeye. Ndugu walimchangia. Baadaye alimwambia mama, "Nimemaliza, shemeji," akarudi kwake Kiloleli. Risiti hakuonyesha, wala hakuulizwa.

"Nimpigie aitume," nilisema.

"Utamwambiaje?" mama aliuliza. "Mtu aliyesimama mbele ya watu? Kumdai karatasi ni kumwambia amekula."

Kwa siku tatu niliandika ujumbe na kuufuta. Neno "tafadhali" lilionekana kama kejeli; bila hilo, amri. Ukweli ni kwamba moyoni nilikuwa nimekwisha kumtia hatiani, na niliogopa kuthibitishiwa. Mama aliazima tyubu kwa jirani, akazipanga kwenye beseni mbele ya mlango wake mwenyewe uliofungwa.

"Mayu, siku hizi umekuwa machinga?" mteja alimtania, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Toa hela. Maswali peleka ofisi ya mapato."

Siku ya nne nilikwenda mimi. Ofisa, mwanamke wa makamo, alinigeuzia kioo cha kompyuta nijionee. "Jina la marehemu linadaiwa. Nimetafuta mara mbili."

"Naomba utafute kwa namba ya fremu ya duka, si kwa jina."

"Wewe ni mwanasheria?"

"Hapana, nasomea udongo. Sampuli ikiwa na shaka, tunarudi kwenye shimo ilikochimbwa."

Alitabasamu kidogo, akaandika namba. Yakatokea majalada mawili ya fremu moja. La pili lilikuwa na jina la baba mdogo: deni la msingi limelipwa lote, faini zimefutwa.

"Ah, mzee huyu," ofisa alisema. "Namkumbuka. Alikataa kulipa kwa jina la marehemu. Alisema, 'Kaka yangu hadaiwi tena. Deni nimelichukua mbele ya watu, liandikeni kwangu.' Tukamfungulia jalada lake."

Kumbe alikuwa ametimiza neno lake kwa usahihi kuliko sisi sote. Niliketi, na sikuinuka mpaka majalada yalipounganishwa na barua ikachapwa. Niliisoma mstari kwa mstari. Tarakimu moja ya namba ya fremu ilikuwa imekosewa; niliomba irekebishwe, ikarekebishwa.

Saa nane mchana walewale waliofunga walikuja kufungua. Mama aliingia, akapangusa kaunta, akamrudishia jirani tyubu zilizobaki, akauza mnyororo wa baiskeli bila kupunguza bei. Nilimsikia akiimba, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu msiba.

Ndipo nikapiga Kiloleli.

"Mwadila, baba." Nilimwamkia baba mdogo kwa Kisukuma, nikamweleza yote, hata nililomdhania, bila kuruka.

"Mmefungiwa siku nne?" aliuliza.

"Nne."

"Na karatasi ninayo hapa sandukuni. Si mngeniuliza?"

"Tuliogopa."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi usikate. Shangazi yako wa Nyalikungu yuko hapa, amekuja kunisalimia, na yeye tangu matanga anadhani nimekula zile hela za mchango. Naweka spika. Anza upya, mwanangu, na useme kwa sauti."

Nilianza upya, kwa sauti.