Sauti ya Afande Kwenye Dakika ya Kimya

Siku ile mzee alikuwa amefumba mdomo. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili, amesimama mbele ya watu mia mbili, kimya kabisa.

Lakini sauti yake ilikuwa inatoka kwenye spika. Tena inatoboa siri.

Tulieni niwaeleze, maana mpaka leo kuna watu hapa Kasese wanasema nilimroga.

Naitwa Thembo. Kwetu ni Nyakiyumbu, ila studio yangu iko Bwera mjini. Nikisema studio msifike mbali. Ni chumba kimoja, maikrofoni moja, kabati kubwa nililolijaza magodoro ili mtu arekodi bila kelele za malori ya mpakani, na laptopu niliyoinunua Mpondwe ikiwa imeshapita mikono ya watu sijui wangapi.

Hiyo laptopu iliniponyoka ikaanguka. Upande wa kulia wa kioo, karibu theluthi nzima, ukawa mweusi tii.

Sasa kwa wasiojua kazi yetu: wimbo kwenye kompyuta unapangwa kwa mistari. Mstari wa ngoma, chini yake besi, chini yake gitaa, chini yake sauti. Kila ulichorekodi kinakuwa kipande cha rangi. Unakishika, unakivuta, unakikata. Muda unatembea kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo kilicho kushoto kinasikika kwanza.

Kwangu mimi, kilicho kulia ni giza. Nilishazoea. Nilikuwa nauvuta wimbo kidogo kidogo kuja upande ninaoona, maisha yanaendelea.

Halafu akaja Kellen.

Alikuja kurekodi na kwaya ya kina mama wa kambi ya polisi. Nikampenda, akanipenda, nikamfundisha mpaka kukata na kupanga vipande. Kila anachogusa anakipaka pinki. Nikimuuliza kwa nini, ananiambia, "Ili nijue changu."

Baba yake ni Afande Turyamureeba, polisi wa miaka thelathini na moja kazini. Mzee alikuwa anastaafu. Wiki moja baada ya sherehe, familia nzima ilikuwa inafungasha kurudi kwao Ntungamo, Kellen akiwemo.

Mara mbili niliomba nilete watu wangu kujitambulisha, yaani kumposa Kellen. Mara mbili mzee aliuliza swali lile lile: "Huyo kijana kazi yake nini?"

Kellen akambembeleza weee. Mwishowe mzee akasema, "Sawa. Atengeneze wimbo ya sherehe yangu. Ikitoka mbaya, nisimuone tena."

Mmeelewa? Wimbo ukiharibika, Kellen ameondoka.

Mzee akaja Bwera mwenyewe kukagua. Akasimama nyuma yangu, mikono mgongoni, macho kwenye kioo.

"Hii nini?"

"Ni wimbo wako, afande. Kila mstari ni chombo chake."

"Mbona haijapanga laini?"

"Afande?"

"Hii ya bluu imefika kazini mapema. Hii ya kijani iko wapi mpaka saa hii? Inachelewa! Na hii nyekundu imetoroka katikati!"

Nikamweleza kwamba kijani ni kiitikio, kinaingia baadaye, na nyekundu ni tarumbeta, imepumzika kidogo.

"Nani alimpa ruhusa ya kupumzika?"

Ungekuwa wewe ungesemaje? Nikavuta vipande vyote mpaka mwanzo, vikasimama pamoja kama gwaride. Nikabonyeza.

Banange! Kwaya, ngoma, gitaa, tarumbeta, wote kwa mpigo mmoja, ubeti wa kwanza umekaliwa na ubeti wa tatu. Mbuzi wa jirani alikata kamba.

Mzee hakupepesa. Alisikiliza yote mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Rudisha kama walivyokuwa."

"Ndiyo, afande."

Nilitaka kucheka, nikameza.

Akaingia kabatini, kwenye magodoro, arekodi salamu zake za kuwekwa ndani ya wimbo. Akasalimia wenzake wa kazi, akasalimia watu wa Kasese, dakika mbili hivi. Alipomaliza akafoka kutoka humo humo, "Chai! Ya maziwa! Mbio!"

Nikatoka mbio. Mbio hizo ndizo zilizonisahaulisha kuzima kurekodi.

Niliporudi mzee alikuwa ameketi nje ya kabati, jasho linamtiririka. Nikadhani ni joto la magodoro. Akaondoka zake. Nikakata salamu, nikaipanga kwenye wimbo, na kipande kilichobaki wala sikukisikiliza. Mtu anayesubiri chai anasema nini cha maana?

Kesho yake Kellen alikuja kuimba ubeti wake. Nilimwachia laptopu saa nzima nikaenda kuchajisha betri ya akiba.

Jioni nikautoa wimbo, yaani vipande vyote vikawa faili moja. Wa dakika nne, lakini laptopu ikahangaika muda mrefu ajabu na faili likatoka nene. Nikajisemea, laptopu ya watu imezeeka hii. Nikaweka kwenye flashi, basi.

Sherehe ilikuwa uwanjani, Nyamwamba, mchana kweupe. Mwenye spika alikuwa Christophe, Mkongo wa Kasindi, fundi anayependa chakula kuliko kazi. Mzee aliingia kwa wimbo wangu, watu wakasimama, kina mama wakapiga vigelegele.

"Ndugu, wimbo iko muzuri!" Christophe akanipigia kelele. "Batu bote banacheza!"

Mzee peke yake ndiye hakucheza. Alitembea kama anakagua gereza. Hata hivyo nilimwona akitikisa kichwa kidogo kufuata ngoma, nikapumua.

Wimbo ukaisha. Spika zikawa kimya. Christophe hakugusa kitu, akaenda zake nyuma ya hema kufuata matoke na nyama ya mbuzi.

Ikaja keki. Zikaja hotuba. Kisha Mchungaji Amoding, mama wa kiroho wa kambi, akasema tusimame dakika moja kuwakumbuka askari waliotangulia. Mzee mwenyewe akatoa amri.

"Gwaride! Mguu sawa!"

Askari wakakauka. Raia nao wakakauka. Ukisikia hata nzi, ni nzi wa keki.

Kama sekunde ya ishirini hivi, spika zikakohoa.

"Khm. Jolly."

Jolly ni Mama Kellen. Hakuna aliyewahi kumsikia mumewe akimwita hilo jina mbele za watu.

"Jolly, mpenzi wangu. Moja, mbili, tatu, geuka. Moja, mbili, tatu, tikisa bega. Hapana! Bega ya kushoto! Tikisa! Tikisa!"

Sasa sikilizeni. Gwaride likishaambiwa mguu sawa, hatikisiki mtu mpaka aliyeamrisha aseme legeza. Na aliyeamrisha ni mzee. Na mzee ni mtu wa kuheshimu dakika. Alikuwa amebakiza sekunde arobaini, na hakuwa tayari kuiba hata moja.

Askari walisimama mashavu yamevimba, machozi yanashuka. Mchungaji alijifunika uso kwa Biblia, mabega yanaruka. Christophe alitokea mbio na sahani, akaliona gwaride, akaogopa kulikatiza. Akasimama mguu sawa na yeye, mfupa mkononi.

Kumbe lile jasho la kabatini lilikuwa la mazoezi ya kucheza! Mimi nilikuwa nakufa. Nilishamwona Kellen juu ya lori, na masufuria ya mama yake, wanaishia Ntungamo.

Spika hazikuwa zimemaliza.

"Na huyu Thembo. Kijana anaweza kazi. Namkubali. Lakini simwambii, atavimba kichwa. Nimsumbue kidogo, mwezi wa nane alete watu wake. Eh, chai iko wapi?"

Spika zikakata.

Mzee akaangalia saa yake. Akasubiri. Kisha:

"Legeza!"

Uwanja ulipasuka. Kuna askari walianguka chini kabisa, wanagaragara na viatu vya kung'aa. Nyuma huko wakaanza, "Tikisa bega! Tikisa bega!"

"Thembo! Mbele!"

Nilikwenda, nikasimama mguu sawa na mimi.

"Hiyo sauti ya nani?"

"Yako, afande."

"Mimi nimefungua mdomo?"

"Hapana, afande."

Akaniangalia mpaka nikaona unywele wa sikio lake. Halafu akashusha sauti. "Afande akisema, amesema. Mwezi wa nane. Saa nne kamili. Ukichelewa, unarudi."

Kisha akamgeukia mkewe, akanyoosha mkono. "Jolly. Twende."

Na akatikisa bega. La kulia, lakini nani angemwambia?

Jioni ile, kabla ya kurudi Bwera, nikaunganisha laptopu yangu na televisheni ya Christophe. Nilitaka kuona nilikosea wapi. Kwa mara ya kwanza tangu kioo kife, nikauona wimbo wangu wote, kushoto mpaka kulia.

Vipande vyangu viliishia dakika ya nne. Halafu uwazi, uwazi, uwazi. Na huko mbali kabisa, dakika ya ishirini na sita, kipande kimoja peke yake.

Cha pinki.

Nilimpigia Kellen pale pale. "Ni wewe!"

"Mimi nilipanga kitoke watu wakiwa wanakula," akasema. "Hiyo ya dakika ya kimya ni Mungu mwenyewe kapanga."

"Na ile ya bega je? Si ungekata!"

"Nilitaka kukata. Nikamsikilizisha Mama kwa simu, akakataa. Alisema amengoja miaka thelathini na moja kuisikia."

Mwezi wa nane nilifika na watu wangu saa tatu na nusu. Mzee alikuwa tayari getini, saa mkononi.

Kwa hiyo nyinyi mnaopanga miziki, kabla hujatoa wimbo, vuta mpaka mwisho wa kulia uone kilichobaki huko. Na baba anayekukazia sura, usimkatie tamaa mapema, huenda anasubiri chai tu.

Nimeshapata fundi wa kubadilisha kile kioo. Mke wangu amekataa. Anasema ule upande nisiouona ndio ofisi yake.